Nani Aliyesema Kiswahili Hakipitishi Umeme?

Kuna kauli moja inayosemwa na makundi mawili yasiyopendana. Baadhi ya wasomi wa sayansi huisema kwa dharau, na baadhi ya wapenzi wa ushairi huisema kwa mapenzi. Wale wa kwanza hudai kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi, nyimbo na siasa, fizikia hakiiwezi. Hawa wa pili hudai kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi, nyimbo na hekima, kisitwishwe mizigo ya maabara. Nia zao ziko mbali kama mashariki na magharibi, lakini hukumu ni moja: sayansi ikae kwa wenyewe, na Kiswahili kikae kwao. Hukumu hiyo ni batili, na wakati umefika ikatiwe rufaa.

Rufaa haikatwi kwa ushahidi mwepesi. Kusema kwa Kiswahili kwamba maji huchemka na chuma hushika kutu hakumthibitishii mtu kitu. Basi na lichukuliwe jambo gumu miongoni mwa magumu ya fizikia ya leo: mwenendo wa usumaku, na wa umeme upitao bila ukinzani, katika maada ambazo elektroni zake zimefungamana hata haiwezekani kueleza habari za moja bila ya nyingine. Jambo hilo halijapata jibu kamili kwa lugha yoyote. Likisemeka kwa Kiswahili, ni lipi litakaloshindikana?

Na mahali pa kulisemea pasiwe Mji Mkongwe wala Lamu, ambako lugha ina wazee wa kuitetea na vijana wa kuiimba. Pawe Lamadi. Mji huo uko ukingoni mwa Ghuba ya Speke, katika Ziwa Victoria, wilayani Busega, mkoa wa Simiyu, pale barabara itokayo Bariadi inapokutana na ile iendayo Mwanza kwa upande mmoja na Musoma kwa upande wa pili. Mbuga ya Serengeti iko mlangoni mwake, kwenye lango la Ndabaka. Mtoto wa hapo aghalabu hulelewa kwa Kisukuma, hununua na kuuza kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili hicho hicho husoma miaka yote ya shule ya msingi ya serikali. Hapo hufunzwa kwamba waya ni kipitishi na mpira ni kihami. Akiingia kidato cha kwanza, vyote viwili hunyang'anywa majina. Mtoto aliyekuwa akiuliza maswali huanza kukariri majibu.

Mtoto huyo ndiye hakimu wa rufaa hii. Aelezwe nini?

Aelezwe kwamba umeme upitao katika waya ni mkondo wa elektroni. Ndani ya waya wa shaba au wa alumini, elektroni hugongana na mitikisiko ya atomi na dosari za metali yenyewe, na kila mgongano huondoa nguvu na kuzaa joto. Huko ndiko kuitwako ukinzani. Mwenye jiko la umeme hunufaika nao. Msafirishaji wa umeme wa mamia ya kilomita hulia nao. Sasa, mwaka 1911, katika mji wa Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes alipoza zebaki kwa heliamu ya kimiminika hadi nyuzijoto 269 hivi chini ya sifuri ya Selsiasi. Ukinzani wa zebaki haukupungua kidogo kidogo hadi mwisho. Ulitoweka ghafla. Mkondo ukianzishwa katika pete ya metali iliyo katika hali hiyo, huzunguka na kuzunguka bila ya kusukumwa. Mwaka 1933 Walther Meissner na Robert Ochsenfeld wakaongeza ajabu ya pili: maada iliyoingia katika hali hiyo huufukuza usumaku usipite ndani yake, na ndiyo maana kipande cha sumaku huweza kuelea juu yake hewani.

Hapa hujitokeza pingamizi la kwanza. Husemwa: na iwe hivyo, lakini maada hiyo itaitwaje? Wapo wanaoiita kipitishi kikuu, kwa kufuata kiambishi cha Kilatini kilichobandikwa na Wazungu, chenye maana ya juu au zaidi. Laiti wangetazama kitu kabla ya kutazama kamusi, wangeona kwamba jina hilo linapotosha. Shaba, fedha na dhahabu ni vipitishi bora kabisa katika maisha ya kila siku, lakini katika hali ya kawaida ya kanieneo hakuna baridi iliyopata kuzifikisha huko. Risasi na zebaki, ambazo hupitisha umeme kwa unyonge, hufika. Basi hali hii haikupatikana kwa kuzidisha sifa ya upitishaji. Ni hali nyingine kabisa. Lugha ya pwani inacho kiambishi cha kuieleza, na washairi wamekitumia kwa karne nyingi: asojua, kisokwisha, isokifani. Kipitishi ambacho hakikinzi ni kipitishi kisokinza. Neno hilo halina haja ya maelezo. Mtoto wa Lamadi akilisikia, ameshasikia nusu ya somo.

Asije mtu akasema kwamba hii ni hila ya mshairi. Uhaba wa maneno unaolalamikiwa mara nyingi ni uvivu wa kutazama. Anayetafsiri kwa kuhamisha kiambishi hurithi kosa la mwenye kiambishi. Anayetafsiri kwa kukitazama kitu chenyewe huweza kulisahihisha.

Sasa liingiwe lile gumu lenyewe. Fizikia ya miaka ya 1930 ilikuwa na hesabu ya kujua maada ipi ni kipitishi na ipi ni kihami. Kwa hesabu hiyo, oksidi ya nikeli ilipaswa kupitisha umeme. Haikupitisha. Mwaka 1937 tatizo hilo likawekwa wazi, na Nevill Mott wa Uingereza akawa miongoni mwa waliolitolea maelezo. Maelezo yake yanaweza kutolewa kwenye stendi ya mabasi ya Lamadi pasipo kupotea chochote kikubwa.

Lifikiriwe basi lenye viti vya watu wawili wawili, na katika kila kiti ameketi abiria mmoja. Mwenye kuhesabu nafasi atasema: nusu ya basi ni tupu, watu watatembea wapendavyo. Lakini abiria hawa wanachukiana mno. Hakuna anayekubali kukaa na mwenziwe hata kwa dakika moja. Basi, ingawa nafasi ni tele, hakuna anayeondoka mahali pake, maana kuondoka ni kwenda kuketi na adui. Hivyo ndivyo zilivyo elektroni katika kihami cha Mott. Atomi ina nafasi ya elektroni mbili, lakini zinasukumana kwa nguvu hata kila moja hubaki kwake. Hesabu ya nafasi haikukosea kuhesabu; ilikosea kudhani kwamba kila abiria yuko peke yake duniani.

Tena kila elektroni ni sumaku ndogo. Zikiisha kutulia hivyo, jirani na jirani huelekea kinyume: huyu juu, yule chini, wa tatu juu. Usumaku umo kila mahali, lakini kwa jumla hufutana, na anayeutazama kwa nje hudhani haumo.

Waondolewe abiria wachache. Viti vitupu vyapatikana, mmoja asogea, wa pili amfuata. Kihami chaanza kupitisha. Na katika baadhi ya maada hizo, baridi ikizidi, hutokea lile lisilotarajiwa: wale wale waliokataa kuketi pamoja huonekana wakienda wawili wawili, na jozi zote hutembea kwa hatua moja, wala hakuna kinachozikinza. Nani aliyewapatanisha? Katika metali za kawaida mshenga anajulikana tangu 1957, pale John Bardeen, Leon Cooper na Robert Schrieffer walipoonyesha kwamba ni mitikisiko ya atomi zenyewe. Katika maada hizi za mfungamano mkali, mshenga bado anatafutwa. Wengi wanadhani kwamba ni usumaku ule ule wa majirani wenye kuelekeana kinyume. Ubishi haujaisha.

Msomaji wa mashairi asiseme kwamba habari hizi ni ngeni kwake. Amelelewa katika mshororo wenye vipande viwili, kila kimoja mizani nane na kina chake, ambamo neno halichaguliwi kwa maana yake pekee. Akibadilisha silabi moja mwishoni mwa kipande, ubeti mzima hudai mabadiliko. Huo ni mfungamano. Wala usumaku haukumfikia kwa vitabu vya shule: nahodha wa jahazi alisafiri kwa dira, na sindano ya dira ni sumaku, kabla haijajengwa shule ya sekondari hata moja katika mwambao huu.

Kuna somo jingine katika historia ya elimu hii, nalo linawahusu hasa wale wenye kauli ya dharau. Kwa miaka mingi watafutaji wa vipitishi kisokinza walikuwa na miiko. Bernd Matthias, bingwa wa kazi hiyo, anasimuliwa kuwa aliwausia wenziwe wajiepushe na oksijeni, wajiepushe na usumaku, wajiepushe na vihami. Miiko hiyo ilitokana na uzoefu, wala haikuwa ya kijinga. Mwaka 1979 Frank Steglich na wenzake huko Ujerumani wakauvunja mmoja: waliiona hali hiyo katika maada ya seriamu, shaba na silikoni, mahali ambapo usumaku ulitarajiwa kuiua. Mwaka 1986 Georg Bednorz na Alex Müller, katika maabara ya IBM karibu na Zürich, wakavunja yote kwa mpigo. Walitafuta katika oksidi ya shaba iliyochanganywa na lanthani na bari, jamii ya maada zinazotengenezwa kwa kuokwa katika tanuri kama mfinyanzi aokavyo chungu, na ambazo huweza kuwa vihami zisipotiwa kiasi kinachofaa. Huko ndiko walikoikuta, katika nyuzijoto 240 hivi chini ya sifuri. Mwaka uliofuata ikapatikana oksidi nyingine ya shaba iliyofika nyuzijoto 180 chini ya sifuri, ambako hakuhitajiwi heliamu tena. Nitrojeni ya kimiminika inatosha. Bednorz na Müller walipewa Tuzo ya Nobel mwaka huo huo wa 1987.

Basi ajiulize yule asemaye kwamba fizikia haimo katika Kiswahili: je, ametafuta? Au ameusia watu wasitafute, kisha akatoa ushahidi kwamba hakuna aliyepata?

Pengine atajibu kwamba mambo haya ni anasa, hayamhusu mtu wa Simiyu. Jibu hilo halina macho. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza hadharani sababu ya Tanzania kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, hali bwawa la Julius Nyerere huko Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115. Sababu moja ni kwamba umeme unaotoka mbali hupotea njiani. Upotevu huo ni ukinzani wa waya, ule ule ambao Onnes aliuona ukitoweka. Isidhaniwe kwamba kesho nyaya kisokinza zitapita juu ya Lamadi. Mwaka 2014 kebo ya namna hiyo iliunganishwa katika gridi ya mji wa Essen, Ujerumani, na urefu wake ulikuwa kilomita moja tu. Tena Julai 2023 dunia nzima ilisisimka kwa habari kutoka Korea Kusini kwamba imepatikana maada isokinza katika joto la chumbani, na baada ya wiki chache maabara nyingi zikaikanusha. Raia anayeelewa jambo hili kwa lugha yake hatatapeliwa na habari za aina hiyo, wala hatakosa swali la kumwuliza anayemletea mkataba.

Na mikataba ipo. Mwaka 2016 watafiti wa Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba katika bonde la Rukwa kuna hazina kubwa ya heliamu. Heliamu huzaliwa ndani ya miamba mikongwe, urani na thoriamu zinapooza polepole, na joto la Bonde la Ufa huifungulia njia ya kutoka. Heliamu ndiyo inayopoza sumaku kisokinza za mashine za MRI, ambazo Muhimbili ni miongoni mwa hospitali zilizo nazo. Nchi yenye heliamu ardhini, na yenye wagonjwa wanaolazwa ndani ya sumaku hizo, inawaambia watoto wake kwamba lugha yao haina nafasi katika habari hizo.

Inawaambia rasmi. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kifundishie sekondari kuanzia 1985, pendekezo likakataliwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ikarudisha matumaini hayo; toleo lake la 2023 likakibakisha Kiingereza sekondari. Lakini watu wa visiwani wasiinyoshee bara kidole. Unguja ndiyo iliyotoa lahaja iliyochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Unguja hiyo hiyo, kwa Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006, iliagiza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Lamadi angalau mtoto husubiri hadi kidato cha kwanza. Kila tarehe 7 Julai, tangu UNESCO iitangaze siku hiyo mwaka 2021, huhutubiwa na kuimbwa kwamba Kiswahili ni lugha ya dunia. Ni dunia gani hiyo isiyo na elektroni?

Hoja yenye uzito zaidi ya wapinzani ni hii: vitabu vimo katika Kiingereza, na asiyekijua atabaki nyuma. Ni kweli, na Kiingereza kifundishwe, tena kifundishwe vizuri kuliko sasa, kama lugha. Lakini Onnes alifundisha kwa Kiholanzi, Meissner aliandika kwa Kijerumani, Landau kwa Kirusi. Mwishoni mwa 1986, waliothibitisha mapema ugunduzi wa Bednorz na Müller walikuwa watu wa Chuo Kikuu cha Tokyo, katika nchi ambayo mtoto hujifunza umeme kwa Kijapani. Hakuna aliyewaona wakibaki nyuma. Mtu hujifunza lugha ya pili kwa kuingia nayo mahali anapopajua. Anayefundishwa jambo asilolijua kwa lugha asiyoijua hupoteza yote mawili.

Tanzania inao ushahidi wake, tena katika elimu ya baridi yenyewe. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, ambaye kwa jina tu ni mtu wa Pemba, alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba. Akitengeneza aiskrimu, aliona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yaliyopoa. Aliuliza, akachekwa darasani. Aliuliza tena, akiwa Mkwawa, kwa Denis Osborne aliyetoka chuo kikuu cha Dar es Salaam kuja kutoa mhadhara. Huyo hakucheka, akapima. Mwaka 1969 walichapisha makala pamoja, na wataalamu wanabishana juu yake hadi leo. Swali lile lilitoka kwenye maziwa na sukari, katika maisha ambayo kijana aliyajua kwa jina. Ni maswali mangapi yamekufa kwa sababu mwenye kuuliza hakuwa na neno la Kiingereza la kuanzia?

Lawama haiishii serikalini. Tangu mwaka 1990 ipo kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam. Kamusi ni ghala la mbegu, na mbegu isiyopandwa huliwa na panya. Waliopaswa kuipanda ni waandishi, na waandishi bora wa lugha hii ni washairi. Wao wamemaliza karatasi wakigombana kama shairi lisilo vina ni shairi. Wamezitafsiri hadithi na tamthilia za watu wa mbali, nao wamefanya vyema. Nyerere mwenyewe, akiwa kiongozi wa nchi, alipata muda wa kumtafsiri Shakespeare. Lakini kitabu kimoja cha kumweleza mtu mzima, kwa Kiswahili kitamu, ni nini kilichotokea Leiden mwaka 1911, mshairi gani amekiandika?

Asiyeweza kitabu aandike kurasa kumi. Asiyeweza kurasa kumi aunde neno moja zuri, alitetee mbele ya BAKITA na BAKIZA. Na majarida ya ushairi yatenge nafasi kwa kurasa hizo kama yanavyotenga kwa tenzi, zihaririwe kwa ukali ule ule, na msomaji azidai.

Basi la Sirari litapita Lamadi leo jioni, na kijana wa kidato cha pili atakayelipanda ana daftari la fizikia mkononi. Limejaa maneno aliyoyanakili ubaoni. Mfano wa viti vya wawili wawili umo mbele ya macho yake, na mwalimu anaujua. Kinachowazuia wote wawili ni kauli ile iliyotajwa mwanzo, nayo haina nguvu yoyote ya kimaumbile.